Shilingi ya Jua

Umeme umekatika saa nne asubuhi,
feni ikazunguka mara tatu kwa deni
kisha ikaning'inia kama popo mchana.
Raya kashaondoka, ana zamu hospitali,
kaniachia uji, nepi mbili, kanga ya kubebea,
na Thuwaiba,
mwaka mmoja na wiki, meno sita,
asiyejua kwamba baba yake
kakesha akilinda karafuu za watu.

Nje hakuendeki. Jua la mwezi wa pili hapa Wete
halikai juu, linashuka kukaa na wewe.
Hata kuku wa Bimkubwa wamejichimbia
chini ya mgomba, midomo wazi.
Nafunga mlango na nusu ya dirisha,
namvua kila kitu, namwacha na wanja wake.

Haya, tufanye nini, mama?
Nampa upawa na mfuniko wa sufuria.
Anapiga. Anapiga. Usingizi unanijia,
na kila pigo unarudi ulikotoka.
Nampa beseni, maji vikombe viwili, kifuu.
Anachota, anamwagia sakafu,
anachota, ananimwagia mguu,
anachota, anakunywa kabla sijamdaka.
Nampa boksi la tende. Anaingia, anatoka,
anaingia, hatoki, analia;
namtoa, analia kwa nini nimemtoa.
Namfunika kawa. Kimya.
"Thuwaiba yu wapi? Jamani, mtoto kaibwa!"
Kicheko chake ndani ya ukindu
kikanizindua kuliko kahawa.
Hiyo ni mara ya kwanza. Mara ya ishirini na moja
ilikuwa kazi kama kazi nyengine.

Ndipo akaliona.

Bati letu lina tundu la msumari,
nimeahidi kuliziba kwa lami kabla ya masika,
na saa tano na kitu jua hupenya pale
likadondosha sakafuni duara dogo,
jeupe, sawasawa na shilingi ya zamani.
Thuwaiba akaacha beseni.
Akaja kwa magoti na viganja, taf taf taf,
akakaa, akanyoosha kidole,
akaliokota.
Haliokotiki.
Akalikwangua kwa ukucha. Akalipulizia.
Akalifunika kwa kiganja, likampanda
mgongoni mwa mkono; akageuza mkono,
likakaa kiganjani; akakunja ngumi upesi,
akatambaa nayo kwa mkono mmoja mpaka kwangu,
akafumbua.

Hamna.

Sijapata kuona uso wa namna ile.
Haukuwa wa kulia, bado. Ulikuwa uso wa mtu
aliyehesabu fedha zake mara mbili.
Nami na masharubu yangu haya
nikalala kifudifudi kwenye saruji iliyorowa,
nikatandaza kiganja. "Lichukue hapa, mama,
mimi nimelishika."
Likakaa. Lilikuwa na moto kidogo.
Akalibana kwa vidole viwili, kwa adabu,
akalitia mdomoni, akatafuna.
Kuangalia, lingalipo. Akachukua jengine.

Tukalifuata. Lilikuwa linakwenda, usidhani,
kutoka ufa wa sakafu kuelekea kitandani,
taratibu, kama mdai aliyejua utakuwepo.
Hadi inaadhiniwa adhuhuri
tulikuwa tumesafiri shubiri tatu,
na njiani kala jua, uji, na uzi wa mkeka.
Lilipoanza kuukwea mguu wa kitanda
akalala palepale, shavu kwenye maji,
nami nikafumba macho,
na umeme ukarudi, feni ikapiga kelele,
akaamka.

Usiku huu niko ghalani. Magunia kimya,
harufu ya karafuu inakata pua.
Ndani ya buti langu la kushoto nimekuta kijiko.
Nawasha tochi: duara.
Namulika kufuli, namulika dirisha,
kama kazi inavyotaka,
kisha nalishusha sakafuni
nalisogeza polepole, polepole,
nikimpa mtu nafasi ya kulifikia.